Bibi Harusi wa Kisimani

Hapo kale, watu walipokuwa hawajajifunza kuuliza, kisima cha mji kilikauka. Mzee Vuai, mkuu wa mji, akaamua chatu wa pangoni, aliyeaminika kuwa ndiye mwenye kisima, aozwe mke ili arudishe maji. Akamchagua Mize, yatima asiye na wa kumtetea.

"Ndoa ya kisima haina hiari, mwanangu," akamwambia.

Mize akaachwa pangoni na hina mikononi. Akaita kwa hasira: "Haya, mume wangu, nimeze upesi!"

"Mume nani?" Chatu akafoka. "Huoni nalalia mayai? Mimi jike! Wazee wazima wameshindwa hata kuuliza?"

Mize akarudi mbio, akaupiga teke mlango wa Mzee Vuai mbele ya mji mzima.

"Chatu ni jike, babu, na ndoa ya kisima haina hiari. Vaa kanzu. Bibi harusi anakungoja."