Maranda ya Mlangoni

Siku hizi maranda yaliyofukuza bakteria wabaya kwenye mabanda ya kuku yanatandazwa milangoni mwa watu pia. Ukiyakanyaga ukiwa na bakteria hao miguuni, yanageuka zambarau, nawe hugusi mtoto mchanga mpaka yakukubali.

Bi Nakijwa, mfugaji wa kuku, alijisugua miguu mpaka ikawasha, akaenda kumpakata mjukuu wake wa kwanza. Alipokanyaga tu, maranda yakageuka zambarau.

“Haya,” alisema akicheka. “Kuku wangu wanapita, mimi nazuiwa. Jogoo kanizidi usafi.”

“Mama, usinilize,” alisema binti yake Namsifu kutoka ndani, aliyekuwa hajavuka mlango tangu ajifungue. “Utamshika wiki ijayo.”

“Wiki ijayo atakuwa na ndevu. Hebu nisogezee nimwone.”

Namsifu akasahau, akatoka na mtoto kifuani. Maranda chini ya nyayo zake yakaiva zambarau. Akaganda, akimkumbatia mwanawe kwa nguvu.

Bi Nakijwa alitupa jicho kwa majirani waliokuwa wakichungulia, kisha akasogea, akasimama palepale alipokanyaga binti yake.

“Hapa nimekanyaga mimi,” alisema taratibu. “Rudi ndani ukamnyonyeshe.”