Kibali cha Korongo

Kobe ndiye aliyekuwa akigonga mihuri kwenye vibali vya kukaa, pale mpakani, na mpaka wenyewe ulikuwa mto. Korongo, mgeni kutoka ng'ambo, alimletea jani lake la kibali.

“Niongezee muda, bwana mkubwa. Makinda yangu hayajaweza kuruka.”

“Njoo kesho,” alisema Kobe, akaingiza kichwa gambani. Ofisi ikafungwa.

Mvua ikanyesha. Mto ukajigeuza taratibu, kama mtu usingizini, ukapita nyuma ya Kobe.

Kobe alipochungulia, nchi yake ilikuwa ng'ambo, naye hajui kuogelea.

“Dada Korongo,” akanong'ona, “hapa ni wapi?”

“Hapa sasa ni kwetu.”

“Basi naomba... nikae kidogo.”

Korongo akamkunjulia bawa, akamtilia kivuli pamoja na makinda.

“Kaa tu. Hata mto haujui kesho utalala upande gani.”