Mkono Uliosahau Kitambaa

Kila Jumamosi, saa nne asubuhi, Brashi alikwenda kutukanwa.

Alioga kwanza, akavaa shati safi, akapita njia ya nyuma ya gereji za boti mpaka nyumbani kwa mama wa marehemu fundi mwenzake. Alipiga hodi, hakujibiwa. Akaingia hivyo hivyo, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Hapo mama alianza.

Alimwita muuaji. Alimwita mvivu, mzembe, mkono wa balaa. Brashi aliinamisha kichwa akasikiliza hadi mwisho. Mama akichoka, yeye alijaza ndoo za maji, akaaga, akaondoka. Miaka minne alifanya hivyo bila kukosa.

Kisa chao kilijulikana bandari nzima. Brashi na marehemu walikuwa mafundi wa boti ya kuvuta meli, wao wawili tu, benchi moja kwa miaka minane. Jina hilo la Brashi alilipata kazini: hakuna aliyemshinda kusafisha kipozeo, lile pipa la shaba lenye mirija mingi ambamo maji ya bahari hupoza maji ya injini. Mirija ile huziba kwa chumvi, matope na makombe. Lazima pipa lifunguliwe, kila mrija usuguliwe peke yake kwa brashi ndefu, uoshwe kwa dawa, usuuzwe, ndipo mfuniko urudi na nati zikazwe.

Safari moja mfuniko ulirudi na kitambaa cha kufutia kikabaki ndani.

Kesho yake, Brashi akiwa nchi kavu na boti ikiwa imefungwa kamba na meli kubwa, injini ilichemka ikazima. Meli haikuweza kusimama. Iliiburuta boti ubavuubavu, ikaipindua. Walikufa watatu: nahodha, baharia, na fundi aliyekuwa chini kwenye injini, mwana wa pekee wa kiume wa mama yule. Boti ilipoinuliwa, kitambaa kilikutwa kimejibana kwenye midomo ya mirija.

Mbele ya wachunguzi Brashi hakuzunguka mbuyu. "Kile kipozeo nilikifunga mimi," alisema. Hakuna aliyempinga. Akanyang'anywa cheti.

Wajane wa nahodha na baharia walikwenda kumpa pole mama, wakakaa naye jamvi moja wakalia pamoja. Tangu hapo wanatembeleana kama watu wa tumbo moja. Brashi wakikutana naye njiani, huvuka upande wa pili.

Sasa alisafisha vipozeo vya wenye boti ndogo wasiouliza vyeti, kwenye banda la mabati. Alihesabu vitambaa kabla ya kufungua, akavihesabu tena kabla ya kufunga. Watu walisema majuto yamemfunza.

Mkewe alimsihi aache kwenda. Alimwambia kidonda hakitoneshwi kila wiki, na kwamba yule mama hatamsamehe hata iweje.

"Sijaenda kuomba msamaha," Brashi alisema.

"Unafuata nini basi?"

"Nisipokwenda, atamtukana nani?"

Mkewe akachukua shati lake akaenda kulipiga pasi.

Kadiri miaka ilivyokwenda, matusi ya mama yalianza kuwa ya ajabu. "Tangu mdogo wewe una haraka," alimwambia siku moja. "Chakula unameza bila kutafuna. Viatu hufungi kamba. Nimekuambia mara ngapi, ukimaliza kitu kiangalie mara ya pili?"

Brashi alifahamiana na mama huyo akiwa tayari mtu mzima na ndevu zake. Alidhani uzee umemchanganya. Akajibu taratibu, "Uliniambia, mama. Sikusikia."

Siku ile mama alilia kuliko siku zote, na Brashi akabaki pale kwenye kigoda hajui aondoke au akae.

Mwaka wa tano, Jumatano, binti wa mama alikuja bandani. Alisema mama hali chakula, hasemi na watu, na ameamka akitaka aitiwe Brashi. Brashi alinawa mikono kwa mafuta ya taa, akaifuta kwenye suruali, akaenda na nguo za kazi kama alivyo.

Chumba kilikuwa na harufu ya dawa ya kuchua. Mama alikuwa amebaki mifupa na macho. Alimwashiria binti yake atoke na aufunge mlango. Brashi akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye ukuta, akasubiri aanze kutukanwa.

Mama hakusema kitu. Nje mtu alikuwa akifagia, wakausikiliza ufagio ule mpaka ukanyamaza. Brashi alikuwa amezoea maneno makali, ukimya ule hakuuweza. Akasogea hadi kitandani, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile akaomba.

"Nisamehe, mama. Nilifunga bila kuangalia. Nimekuulia mtoto, na watoto wa watu wengine wawili. Nisamehe kabla hujaondoka."

Mama alinyoosha mkono, akaupata wake, ule wenye makovu ya dawa ya kuoshea mirija, akaushika kwa nguvu ambazo Brashi hakujua kama bado anazo.

"Siku kile kipozeo kilipofungwa, mwanangu," alisema, "wewe ulikuwa hapa, juu ya paa langu, tangu asubuhi hadi jua linazama, unaniwekea bati."