Bangili ya Presha

Sheria inataka kila mzee aishi kwenye nyumba ambayo presha yake inatulia. Bangili ya mume wangu Shaweji ikampeleka kwa mke mwenzangu, Mwanjaa. Mimi niliyempikia mchicha usio na chumvi, nikamtembeza kila alfajiri! Kule anakula achari, anacheka na huyo Mwanjaa, kitoto cha juzi, na presha imetulia tuli.

Leo mkaguzi amekuja kusoma bangili yangu.

"Hongera, bibi. Tangu mzee ahame, na yako imetulia. Ikipanda kwa kumkosa, sheria itamrudisha kwako; nikiikuta hivi tena Ijumaa, atabaki kule moja kwa moja."

Alipotoka tu, nikafungua kopo la chumvi. Ninairamba hadi ulimi unawaka, macho kwenye bangili.

"Panda, mwanaharamu we!"

Haipandi.