Doa la Wino

Jumatatu ile wakubwa wa mtandao walimzika mke wangu mara ya pili.

Marehemu alikuwa akiandikia tovuti makala za usafi wa nguo, na picha yake juu ya kila makala. Kila asubuhi niliandika kwenye simu "kutoa doa la wino," naye akatokea juu kabisa, kwenye picha yake pekee ambamo anacheka. Wakabadilisha namna ya kutafuta, akawa anashuka siku hadi siku.

Jumatatu ile, mahali pake pale juu, ikajibu mashine ya akili bandia: "Sugua taratibu, nguo si adui yako."

"Hayo maneno ya mama," binti yetu akasema.

"Mwenyewe yuko wapi?"

Akashusha ukurasa kwa kidole, akashusha tena. "Tovuti ilikosa wasomaji, wameifunga. Si nilikwambia uihifadhi picha, baba?"

"Nilidhani wenye mtandao wana adabu, mwanangu."

Maneno yake wameyabakiza wayatumie. Kile kicheko, wakubwa, mmekitupa wapi?