Wimbo Kutoka Chumbani

Binti yake alikuwa amemfundisha Mwantumu kuvuta nyimbo kutoka kompyuta ya mumewe iliyoko chumbani, zilie sebuleni kupitia mashine ya gemu. Jioni hiyo akaona awatambie mashoga zake. Akabonyeza wimbo wa kwanza aliouona.

Taarabu ikaanza. Wanawake wakainuka na vigelegele, isipokuwa Zamzamu, jirani wa ukuta kwa ukuta.

"Mbona hunyanyuki, shoga?"

"Kichwa kinanigonga. Weka mwingine, tafadhali."

"Ngoja kwanza tusikie majina," Mwantumu akacheka, maana ulikuwa wimbo wa harusi, ule wanaotungiwa maharusi wenyewe.

"Shekue kapata tunu," mwimbaji akaimba, "Zamzamu ndiye wake."

Vigelegele vikakatika. Shekue ni mume wa Mwantumu. Kikombe cha Zamzamu kilikuwa kimeinama mkononi, kahawa ikimtiririkia magotini, naye hata hashtuki.

Mwantumu akaurudisha wimbo mwanzo, akaongeza sauti hadi vioo vya kabati vikatetemeka. Ndara za Shekue zikaja mbio ushorobani, kisha zikasita nyuma ya pazia.