Hawakunyonya Ziwa Moja

Mkurugenzi wa bustani ya wanyama alimwinua mtoto wa simba, wageni wakashangilia. Macho ya mtoto yalikuwa wazi, meupe kama tui.

"Huyu mtunzaji wetu, Mwinyikombo, ndiye aliyewalea wazazi wa mtoto huyu," alisema.

Mwinyikombo aliinamisha kichwa. Siku wazazi hao, dume na jike, walipowekwa banda moja, mkurugenzi alimwuliza, "Hawa hawakunyonya ziwa moja?" Mabango ya harusi yao yalikuwa yameshabandikwa, naye Mwinyikombo akaogopa kibarua kuota nyasi.

"Hawakunyonya ziwa lolote, bosi," alijibu siku hiyo.

Ilikuwa kweli. Mama yao alikufa siku ileile aliyowazaa wote wawili, na Mwinyikombo ndiye aliyewanyonyesha kwa chupa.

"Haya, mlishe, wageni waone," mkurugenzi alimwambia sasa, akimpa mtoto.

Mtoto aligeuza kichwa, akainusa hewa kuitafuta chupa. Kiganja cha Mwinyikombo kiliifunika chuchu ya chupa, ileile iliyojaa alama za meno ya dume na jike tangu utoto wao.